Kinga za msumeno wa meza: kibao cha mdomo, kisu cha nyuma na kofia za kujitengenezea

Guni na Penseli

Wakuu, salaam. Karibu kila karakana niliyowahi kufanyia kazi ina msumari ukutani, na kwenye msumari huo imetundikwa kofia ya msumeno wa meza, nyeupe kwa vumbi. Kisu cha nyuma kimo ndani ya sanduku la spana. Ukimwuliza fundi kwa nini alivitoa, hatakujibu kwamba haiogopi diski, maana sijaona fundi asiyeiogopa. Atakujibu kwamba kofia ilimziba asione mstari, kwamba kisu kilimkwamisha alipotaka kuchimba mfereji, kwamba kuvifunga na kuvifungua kulimla dakika kumi kila mara, na kwamba siku moja alivifungua asivirudishe tena. Nimefungua uzi huu kwa sababu naamini majibu hayo ni ya kweli na yanastahili kujibiwa kwa vifaa, si kwa kukemeana. Kinga inayomkwaza fundi itaondolewa tu, hata akiapa kutoiondoa, kwa hiyo nataka tuzungumzie namna ya kutengeneza zile ambazo mtu hatakuwa na sababu ya kuzitoa.

Tuelewane kwanza kuhusu majina, kwa kuwa kila karakana ina yake. Diski ni bapa la duara lenye meno linalokata. Fensi ni ule ukingo mrefu ambao ubao huegemezwa wakati wa kupasua. Kibao cha mdomo ni kipande kinachoziba tundu la meza ambamo diski hutokezea. Kisu cha nyuma ni bapa la chuma linalosimama nyuma ya diski na kuingia ndani ya njia ya mkato, na kofia ni kifuniko cha juu.

Meno yaliyo upande wa fundi hushuka, na yanaposhuka huukandamiza ubao kwenye meza, ndiyo maana kazi huonekana tulivu. Meno ya nyuma hupanda. Ubao ukiyagusa hayo ya nyuma, ama kwa kuwa umejipinda na kuibana diski, ama kwa kuwa fensi haiko sambamba nayo, hunyanyuliwa, hupanda juu ya diski na kurushwa kumwelekea aliyeusukuma. Diski ya milimita 254 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika huyapeleka meno yake kwa takriban mita 53 kwa sekunde, sawa na kilomita 190 kwa saa. Kama ina meno 40, basi katika sehemu ya tano ya sekunde, ambayo ndiyo kwanza mtu anashtuka, meno zaidi ya 500 yamekwisha kupita. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba ubao unapoondoka ghafla, mkono uliokuwa ukiusukuma hubaki hauna kitu chini yake, na uzito wa mwili bado unauelekeza mbele, kwenye diski.

Mimi nilipigwa katika mwaka wangu wa tatu wa kazi. Nilikuwa napasua kipande cha mbao ngumu chenye urefu wa mkono wa mtu, na kisu cha nyuma nilikuwa nimekitoa asubuhi ili nichimbe mifereji ya droo. Niliona njia ya mkato ikijifunga nyuma ya diski, kutoka unene wa sarafu hadi unene wa karatasi, nikadhani nikisukuma kwa haraka utapita. Kipande hicho kilinigonga chini ya mbavu za kushoto, na alama ya kona yake ilikaa wiki tano. Ninacho hadi leo. Upande wake wa chini una mistari ya tao, mmoja ndani ya mwingine, ambayo meno huiandika ubao unapojizungusha juu yake. Kila mwanafunzi anayeingia karakanani kwangu nampa akishike kabla hajagusa swichi.

Nianze na kibao cha mdomo, kwa kuwa ndicho rahisi kukitengeneza na ndicho kinachompa fundi faida anayoiona siku hiyohiyo. Kibao kinachokuja na mashine huwa na uwazi mpana ili diski iweze kuinamishwa hadi digrii 45. Uwazi huo huacha nyuzi za chini za ubao bila kitu cha kuzishikilia, nazo huchanika, na vipande vyembamba hutumbukia ndani, hukwama kando ya diski, kisha huchomoka kama mishale. Kibao chenye uwazi unaolingana na diski peke yake huondoa matatizo yote mawili.

Mimi hutumia plaiwudi nzuri ya milimita 12, isiyo na matundu katikati ya tabaka zake. MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, nayo yafaa, ila kingo zake hulegea upesi, na plastiki ngumu ndiyo hudumu zaidi. Pima kwanza kina cha ukingo ambao kibao hukalia. Chagua kitu chembamba kidogo kuliko kina hicho, kisha weka skrubu nne ndogo zisizo na kichwa kwenye pembe, ambazo utazizungusha kutokea juu hadi kibao kilingane na meza. Katika mashine ndogo za kubeba, ukingo huo huwa na kina cha milimita chache tu, nazo huhitaji kibao kilichochongwa kingo zake zikawa nyembamba na katikati kikabaki kinene, na lazima kifungwe kwa skrubu.

Bandika kibao cha zamani juu ya plaiwudi kwa utepe wenye gundi pande mbili, kata kwa msumeno mdogo ukiacha milimita 2 nje ya mstari, kisha pitisha ruta, yaani mashine ya mkono ya kuchonga kingo, yenye kisu cha beringi ili beringi ifuate umbo la kibao cha zamani. Asiye na ruta atumie tupa na msasa uliozungushiwa kipande cha mbao, akijaribisha mara kwa mara. Kibao kizuri huingia kwa kusukumwa na vidole na hakichezi hata ukikisukuma kwa kidole gumba upande huu na huu. Kikicheza kidogo, usikitupe. Zamisha skrubu fupi mbili kwenye ubavu wake na uzitoe kwa kipimo kinachotakiwa.

Kuhusu usawa, wengi hupitisha rula ya chuma mara moja wakaridhika. Upande wa mbele, ambako ubao huingia, kibao kisiwe juu ya meza hata kwa unene wa kucha, kwa kuwa ubao utakwaruza ukingo wake na kusimama. Upande wa nyuma, ambako ubao hutoka, kisiwe chini ya meza, kwa sababu hapo ubao utagonga ukingo wa meza yenyewe. Ubao unaosimama ghafla ukiwa nusu ndani ya diski ndio unaomfanya mtu asukume kwa nguvu, na nguvu hiyo hana pa kuizuia ubao unapoachia.

Mwishoni, kwenye ncha ya nyuma, weka skrubu itokeze milimita 5 au 6 na iingie chini ya ukingo wa meza. Meno ya nyuma yanapanda, na kibao kisichoshikwa huko yanaweza kukinyanyua chote na kukurushia. Usiiache kazi hii kwa ajili ya kesho.

Nitaendelea na kofia na vifaa vya kusukumia, lakini kama kuna swali kuhusu kibao, ulizeni sasa.

Mwanagenzi

Shikamoo, fundi. Nimejaribu kutengeneza kibao kama hicho wiki iliyopita, lakini hakikukaa. Hata niliposhusha diski hadi mwisho, kibao kilikalia meno. Nikafikiria kukishikilia kwa mkono huku nikiwasha mashine, nikaona hapana.

Guni na Penseli

Marahaba, kijana wangu, na uliona vema sana. Usikishikilie kibao kwa mkono juu ya diski, wala kwa kijiti, wala kwa goti.

Tatizo lako hutokea kwa mashine nyingi, kwa kuwa diski kubwa haishuki vya kutosha kuachia unene wa kibao. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kuchimba mfereji upande wa chini wa kibao, mahali diski itakapopita, kwa ruta au hata kwa patasi, hadi kibao kikae bila kugusa meno. Ya pili ni kufunga kwa muda diski ndogo zaidi, yenye tundu la katikati linalolingana na mhimili wa mashine yako na iliyoandikwa kasi isiyopungua ile ya mashine, ukaanzia nayo mkato, kisha ukarudisha kubwa. Mimi hupendelea mfereji, kwa kuwa haunilazimishi kubadilisha diski mara mbili.

Kabla ya kuinua diski, chomoa waya na utoe kisu cha nyuma. Katika mashine ambazo kisu hupanda pamoja na diski, ukikisahau kitakisukuma kibao kutoka chini wakati unapoinua, na hutajua ni nini kinachokisukuma. Kisha laza ubao mpana na mzito juu ya kibao, uukaze kwa klempu pande zote mbili za meza, na uhakikishe kwamba hakuna klempu wala skrubu iliyo juu ya njia ya diski. Rudisha waya, simama kando, washa, na uzungushe gurudumu la kuinulia polepole, nusu mzunguko kisha subiri, nusu mzunguko kisha subiri. Sauti ya injini ikishuka, umeharakisha. Ukifika kimo unachokihitaji, zima, subiri diski isimame kabisa, chomoa waya tena, ndipo ufungue klempu. Weka alama mahali pa kisu cha nyuma na urefushe uwazi kwa msumeno mwembamba wa mkono ili kisu kirudi. Kibao kinachomlazimisha mtu kuacha kisu nje kimeharibu zaidi ya kilivyotengeneza.

Toboa pia tundu la milimita 25 karibu na ncha ya mbele, mbali na diski, la kuingizia kidole wakati wa kukitoa. Na kwa kuwa umekwisha kupanga ruta, kata vibao vitano kwa mpigo: kimoja cha digrii 90, kimoja cha digrii 45, na vingine vya akiba.

Randa Kavu

Ndugu Guni na Penseli, nashukuru kwa uzi huu. Mimi nina mashine ya zamani ambayo haikutengenezwa na mahali popote pa kufungia kisu cha nyuma, na najua tuko wengi. Nieleze ninachokifanya, nanyi mnisahihishe.

Ninapotengeneza kibao cha mdomo, huendeleza njia ya mkato kuelekea nyuma, moja kwa moja nyuma ya diski, kisha nagundisha humo kipande cha mbao ngumu kinachosimama juu ya meza kama milimita 30. Nyuzi za kipande hicho lazima zisimame wima. Nilipokikata nyuzi zikiwa zimelala, kilivunjika kwenye ubao wa tatu. Unene wake uwe pungufu kidogo ya njia ya mkato, na kingo zake za mbele nazipiga msasa ziwe za mviringo ili ubao usizikwaruze. Kibao chote nakifunga kwa skrubu mbili kwenye meza, kwa sababu sasa ubao unaojipinda hukivuta kibao chenyewe.

Kipande hiki hakipandi wala hakishuki na diski, na huo ndio upungufu wake. Nikiishusha diski kwa ajili ya ubao mwembamba, nafasi kati ya meno na kipande huongezeka, na ndani ya nafasi hiyo ubao unaweza kupata pa kuigusa diski. Kwa hiyo nina vibao viwili, kimoja cha mbao nene na kimoja cha nyembamba, na kila kimoja kimeandikwa kimo chake kwa penseli.

Guni na Penseli

Sina la kusahihisha, ila la kuongeza. Mfereji usiopenya ubao hauwezi kupita penye kipande kilichosimama juu ya diski, kwa hiyo weka kibao cha tatu kisicho na kipande kwa ajili ya kazi hiyo tu, ukipake rangi nyekundu, na kazi ikiisha ukitoe mezani kabla hujafagia. Kosa langu la asubuhi ile lilikuwa kuacha mashine katika hali ya mifereji nikaendelea kupasua.

Tupa Bapa

Wakuu, mimi ni mtu wa vyuma zaidi kuliko mbao, na huletewa kazi za kukata visu vya nyuma vilivyopotea. Nina mambo mawili.

La kwanza ni unene. Diski ina vipimo viwili: unene wa bamba lake, na upana wa njia inayokatwa na meno, ambayo daima ni pana kuliko bamba. Kisu lazima kiwe kati ya hivyo viwili. Kama bamba ni milimita 2.2 na njia ni 3.2, kisu cha 2.5 hadi 2.8 kitafaa. Kikiwa chembamba kuliko bamba, ubao utajifunga na kuibana diski kabla ya kukifikia kisu, nacho kitakuwa pambo. Kikiwa kinene kuliko njia, ubao utakwama juu yake nusu ya safari. Mara nyingi naletewa bapa la msumeno wa mkono ili nilikate liwe kisu, nami hulirudisha, kwa kuwa halifiki hata nusu ya unene unaotakiwa.

La pili ni umbo na mahali. Ukingo wa mbele wa kisu ufuate tao la diski. Mwongozo wa mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza unataka nafasi kati ya kisu na meno, kwenye usawa wa meza, isizidi milimita 8, na kilele cha kisu kisiwe chini ya kilele cha diski kwa zaidi ya milimita 25. Kama unachimba mifereji mara kwa mara, kisu kilicho chini ya kilele cha diski kwa milimita 2 hivi hakihitaji kutolewa kabisa, na hapo yule fundi wa msumari ukutani amekosa kisingizio. Ulinganifu huupima kwa rula ya chuma: ilaze kwenye ubavu wa diski, ikigusa jino la mbele na jino la nyuma, na uone kama kisu kinatokeza. Rudia upande wa pili. Kisitokeze upande wowote.

Sikubali kuchomelea kishikio cha kisu kwenye mashine ambayo haikuwa nacho. Nimeombwa mara nyingi. Kisu kinachotikisika karibu na meno yanayokwenda kasi hiyo ni hatari kuliko kutokuwepo, na kwa mashine kama hiyo njia ya Randa Kavu ni bora.

Mkono wa Kushoto

Kwa heshima zote, naona tunahangaika na vipande vya plaiwudi wakati tatizo limekwisha kutatuliwa. Zipo mashine zinazohisi mwili wa mtu na kusimamisha diski. Mtu akinunua hiyo, kofia na vijiti vya nini?

Guni na Penseli

Ndugu, mfumo huo nauheshimu kwa dhati. Aliyeubuni, Steve Gass wa Marekani, aliwafikisha wenzake mbali, na mashine za SawStop zilianza kuuzwa mwaka 2004. Ishara ndogo ya umeme hupitishwa kwenye diski, mwili wa mtu unapoigusa ishara hubadilika, na kipande cha aluminiamu husukumwa na springi hadi kwenye meno. Diski husimama kwa takriban milisekunde 5, na mtu hubaki na mkwaruzo mahali ambapo angepoteza kidole. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya Marekani hukadiria majeraha ya kuguswa na diski za misumeno ya meza nchini humo kuwa takriban 30,000 kwa mwaka, na katika hayo viungo vilivyokatika kabisa hufikia maelfu. Mtu akiweza kuwa na mashine hiyo, awe nayo.

Lakini mfumo huo huanza kazi mwili unapoigusa diski, na kipande kilichonigonga mimi hakikunigusisha diski. Ungeniacha nipigwe vilevile. Kinachozuia ubao kurushwa ni kisu cha nyuma, fensi iliyo sambamba, na mkono unaosukuma kwa njia sahihi. Isitoshe, mbao mbichi sana au msumari uliojificha huweza kuufyatua mfumo, na kipande hicho cha aluminiamu pamoja na diski huharibika, kwa hiyo wapo wanaouzima. Tunarudi palepale pa kinga inayokwaza.

Sasa kofia. Inayokuja na mashine nyingi hufungwa juu ya kisu cha nyuma, kwa hiyo kisu kikitoka, kofia nayo imetoka. Niliyoitengeneza mimi inaning'inia kwenye mkono wa chuma unaotokea ubavuni mwa meza na kupita juu, na haihusiani na kisu hata kidogo. Mgongo wake ni kipande cha mbao, na mbavu zake ni bamba mbili za polikaboneti, yaani plastiki ngumu inayoonyesha, ya milimita 6, kila moja ikiwa na bawaba yake. Ubao ukiingia, bamba la upande huo hupanda juu yake na la upande mwingine hubaki chini, kwa kuwa hakuna sababu ya kufunua pande zote mbili kwa ajili ya kipande kilicho upande mmoja. Ncha za mbele nimezikata kwa mwinamo ili ubao uzinyanyue wenyewe bila kusukumwa kwa nguvu. Kwa kofia isiyopanda yenyewe, mwongozo alioutaja Tupa Bapa hapo juu unataka nafasi kati yake na ubao isizidi milimita 12.

Tafadhali msitumie akriliki badala ya polikaboneti. Zinafanana machoni, lakini akriliki ikigongwa na kipande hupasuka vipande vikali, na polikaboneti hupinda ikarudi. Ukitaka kuzijua, chukua utepe mwembamba wa kila moja, uufunike kwa kitambaa kizito na uukunje kwa koleo ukiwa umevaa miwani. Polikaboneti nayo ina adui zake: asetoni na baadhi ya gundi za kukazia nyuzi za skrubu huifanya iwe na nyufa ndogo kama za barafu. Isafishe kwa maji na sabuni, na matundu ya skrubu yatoboe kwa keekee yakiwa makubwa kidogo kuliko skrubu ili isibanwe.

Bamba likichakaa na kuwa na ukungu, libadilishe. Fundi asiyeona kupitia kofia ataiinua, na hatumlaumu.

Mwanagenzi

Fundi, na vijiti vya kusukumia? Kuna kimoja cha plastiki kilichokuja na mashine, kina ncha ya mdomo wa ndege.

Guni na Penseli

Kijiti hicho huusukuma ubao kutoka kwenye kisigino chake tu, na ukikisukuma kutokea juu, ncha ya mbele ya ubao huweza kunyanyuka. Kinafaa, ila uwe nacho pamoja na kiatu. Kiatu ni kipande cha plaiwudi cha urefu wa milimita 300 hivi, kinachoukandamiza ubao kwa urefu wake wote huku kisigino chake cha milimita 6 kikiusukuma kutoka nyuma. Mpini uwe juu sana, juu kuliko unavyodhani, na uelekee mbele ili kiganja kiwe juu ya fensi na si juu ya diski. Usitie skrubu wala msumari popote ambapo diski itafika. Nyayo za kiatu zitakatwakatwa, na ni sawa. Kisigino kifunge kwa gundi nyepesi ili ukibadilishe kikiisha.

Kanuni ninayoifuata ni ileile ya mwongozo wa Uingereza: kila mkato mfupi kuliko milimita 300 husukumwa kwa kijiti au kiatu, na milimita 300 za mwisho za mkato mrefu vilevile. Kitundike kwenye mashine yenyewe, upande ambao mkono utakifikia bila kuvuka diski. Kilichowekwa rafuni hakitumiki, nimelithibitisha jambo hili kwa wanafunzi wanne mfululizo.

Kitana, yaani ubao wenye vidole vinavyoukandamiza ubao mwingine dhidi ya fensi, kata kichwa chake kwa digrii 30, vidole viwe na unene wa milimita 3 na urefu wa 60, nyuzi zikifuata vidole. Mahali pake ni kabla ya diski. Ukikiweka sambamba na diski au nyuma yake, kinaifunga njia ya mkato na kusababisha kilekile tunachokikimbia.

Kuhusu fensi, kwa mbao zilizokauka vibaya mimi hufunga juu yake ubao mfupi unaoishia umbali mfupi baada ya mahali meno ya mbele yanapoingia kazini. Ubao ukipita hapo hupata nafasi ya kupanuka upande wa kulia badala ya kusukumwa kurudi kwenye meno ya nyuma. Na unapokata vipande vingi vya urefu mmoja kwa kukingama, usitumie fensi kama kikomo moja kwa moja. Funga kipande cha mbao kwenye fensi, kiishie kabla ya diski, ili kipande kilichokatika kisibanwe kati ya fensi na diski.

Randa Kavu

Niongeze swichi, kwa kuwa nayo ni ya kujitengenezea nusu. Swichi ya sumaku haiwashi mashine yenyewe umeme ukirudi baada ya kukatika, na mwenye swichi ya kawaida aibadilishe kwa mtu anayejua umeme. Mbele yake nimefunga mlango mdogo wa plaiwudi wenye bawaba, unaogonga kitufe cha kuzimia nikiusukuma kwa paja. Mikono yote miwili inabaki kwenye ubao.

Mwanagenzi

Nimepima leo kama Tupa Bapa alivyoeleza. Kisu changu ni milimita 2.5, na kimeandikwa hivyo ubavuni, sikuwahi kukisoma. Diski mpya niliyofunga mwezi uliopita, ile nyembamba, njia yake ni milimita 2.4. Ndiyo maana mbao zilikuwa zinakwama katikati nami nikawa nasukuma kwa nguvu. Nilikuwa nimekwisha kukitoa kisu na kukitia kwenye jiriwa nikipunguze kwa tupa. Niendelee?

Tupa Bapa

Usiendelee, kijana. Ukikipunguza kwa mkono hakitakuwa na unene mmoja, na sehemu nyembamba itapinda siku ubao ukikibana. Badilisha diski, si kisu. Bamba la hiyo diski nyembamba ni unene gani, na ile ya zamani je?

Mwanagenzi

Nyembamba ina bamba la 1.8. Ya zamani ina bamba la 2.0 na njia ya 3.0.

Tupa Bapa

Basi ya zamani ndiyo mwenzake wa kisu hicho. Ipeleke ikanolewe, uirudishe, na hiyo nyembamba uiweke hadi utakapopata kisu cha 2.0 hadi 2.2 kilichotengenezwa kwa mashine yako.

Mwanagenzi

Imenolewa, nimeifunga, na nimelaza rula pande zote mbili. Ubao wa kwanza umepita kwa kiatu kutoka mwanzo hadi mwisho, na kisu kimeingia kwenye njia bila kugusa upande wowote. Plaiwudi ya kibao cha digrii 45 nimekwisha kuikata, kesho naipitisha kwenye ruta.